Mbwa Wetu Waache na Kona ya Mzee

Ikiwa una mbwa mzee nyumbani, na siku hizi akitaka kutoka nje anakwenda kusimama upande wa bawaba, pale ambapo mlango haufunguki hata ungoje mpaka kesho, hebu keti tuzungumze kidogo. Mimi nilimtazama wangu akifanya hivyo msimu mzima wa kusi na kazi yangu ilikuwa kucheka. Nilimwambia, "Umekuwa mtu mzima sasa, hata mlango unakuchezea." Sikujua kwamba ule ndio ulikuwa mwanzo wa ugonjwa. Nasimulia sasa kwa kuwa yamekwisha, na kwa kuwa wakati ule nilimtafuta mtu aliyepitia haya aniambie neno, nikamkosa.

Mbwa wangu aliitwa Waache. Jina hilo alipewa na mume wangu, Mzee Charo, tulipohamia hapa Junda kutoka Kaloleni. Ndugu zake walikuwa wamesema maneno mengi, kwamba amefuata mwanamke mjini, kwamba nimemtia kiganjani na hatatoka tena. Kwetu sisi Wagiriama mtu akiwa na jibu la kuwapa jamaa au majirani, na hataki ugomvi wa uso kwa uso, humpa mbwa jibu hilo liwe jina. Halafu humwita kila jioni kwa sauti, na mwenye kusikia amesikia. Basi Charo alikuwa akisimama langoni, "Waache! Waache!" na ndugu zake wakija kututembelea wanajua wameambiwa nini. Mwisho wakazoea, wakawa wanamwita wenyewe na kumrushia mifupa.

Alikuwa mbwa koko tu, wa rangi ya udongo, na sikio moja lilikuwa limechanwa na paka wa jirani. Chakula kilitoka kwangu, lakini mwenyewe alikuwa Charo. Charo alikuwa fundi wa mafriji, akirudi kwa baiskeli, na mbwa aliujua mlio wa mnyororo ule kabla sisi hatujasikia chochote. Akishaoga, Charo aliketi kwenye kiti chake cha mikono katika kona ya sebule, Waache akalaza kichwa juu ya kiatu chake. Kona yenyewe ndiyo yenye joto kuliko mahali pote nyumbani. Mara ngapi nilimwambia asogee dirishani apate upepo! Jibu lake lilikuwa moja miaka yote. "Hapa panatosha."

Charo alifariki masika, moyo ulisimama akiwa kazini. Matanga yalipokwisha, ndugu zake walipakia baiskeli, redio na kile kiti, wakavipeleka Kaloleni. Ndiyo desturi, na sikugomba. Kona ikabaki tupu. Nilikuwa nikiifagia kila asubuhi, lakini kuweka kitu pale niliona siwezi.

Dalili zilianza baada ya hapo, moja moja. Kwanza mlango. Kisha akawa analala mchana kutwa na watu wakilala yeye ndiye anaamka, anazunguka, kucha zake zinakwaruza saruji. Akishakula anarudi kusimama penye sahani akinitazama, kana kwamba sijampa kitu tangu jana. Akipita karibu na cherehani yangu, maana mimi hushona sare za shule hapa hapa nyumbani, anaanza kuzunguka, duara baada ya duara, daima kwa mkono wa kushoto. Jumapili moja alimbwekea Sidi, binti yetu, ambaye alimlea tangu akiwa kitoto cha kutoshea ndani ya kofia. Kila jambo nililipatia sababu, na sababu ilikuwa ile ile. Nilisema amefiwa, kama mimi.

Kisha ikaja ile ya kona. Shemeji yangu Karisa, ndugu mdogo wa Charo, alikuwa ameniletea mahindi kutoka shambani. Tulikuwa tunaongea, nikawa namhadithia jinsi bomba lilivyokauka wiki nzima, mara nikaona hanisikilizi. Alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

"Shemeji," akasema polepole, "huyu anamtazama nani?"

Waache alikuwa amesimama katika kona ya Charo, paji la uso limekaribia kugusa ukuta, ametulia kabisa.

"Hakuna mtu hapo," nikamwambia.

"Wewe ndiye huoni. Mwangalie mkia."

Nikautazama mkia. Ulikuwa unatikisika, taratibu, kwa upole, hivyo hivyo alivyokuwa akimpokea Charo baada ya mapokezi ya kwanza ya kurukaruka kwisha.

"Ndugu yangu amekuja," Karisa akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Koma hawapigi hodi. Muwekee maji, muwekee uji kidogo, umpe habari za nyumbani. Ukimnyamazia ataona amesahauliwa."

Koma ni wafu wetu wanapotujia, katika ndoto au kwa njia nyingine. Mimi ni mtu wa kanisa, nakaa benchi la mbele na kitambaa cha kikundi cha akina mama kichwani, na mchungaji angejua angeniita ofisini. Lakini wewe uliyeachwa na mtu uliyempenda, niambie kweli, ungekataa? Sikukataa. Jioni ile nilipika uji, nikautia kwenye kifuu cha nazi, nikauweka konani. Nikavuta kigoda nikaketi nyuma ya mbwa, nikasema, "Charo, karibu nyumbani."

Mkia ukatikisika.

Nililia mpaka leso ikalowa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi kilio kile kilikuwa kitamu.

Tangu siku hiyo kila jioni ilikuwa na kazi yake. Nilimweleza Charo habari za sare, nani ameleta mtoto mwenye mabega mapana kuliko kitambaa alicholeta, nani amejifungua, nani ameolewa upya Mtopanga. Nikisema la kuchekesha, mkia unaongeza mwendo. Nikinyamaza, unapoa. Nilianza kuharakisha kutoka sokoni niwahi nyumbani. Nilianza tena kupaka wanja. Ucheke ukipenda, lakini nilikuwa nimepata mume wangu, na sikuwa na nia ya kumpoteza tena.

Lakini mbwa alikuwa anakwisha. Mbavu zilianza kuhesabika. Haja ndogo alimaliza ndani, mbele yangu, bila hata kushtuka, yeye ambaye alikuwa akilia mlangoni kwa adabu tangu utoto. Kichwa kilianza kuinama upande mmoja. Nilimwita jina lake kutoka uani, hakugeuka. Na kadiri alivyozidi kuugua ndivyo alivyozidi kusimama konani, na kila aliposimama konani mimi nilikuwa na mume. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika. Ningempeleka kwa daktari akapona, nani angenionyesha Charo? Niliona hivyo, na niliogopa.

Sidi hakuogopa. Yeye anafanya kazi bohari moja kule Changamwe, ni mtu wa kuona kitu na kukiita kwa jina lake, kama babake. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akakuta dimbwi la mkojo karibu na cherehani na kifuu cha uji konani.

"Mama, hii ni nini?"

"Uji."

"Wa nani?"

"Wa babako."

Akachukua kitambaa akapiga magoti, akaanza kupangusa mkojo, na alipozungumza hakuinua uso.

"Mama, huyu mbwa ni mgonjwa. Apelekwe kwa daktari wa wanyama."

"Ampe dawa gani? Dawa ya kutomwona babako?"

"Mimi pia namtaka Baba," akasema, na sauti ikakatika. "Usifikiri ni wewe peke yako. Lakini simtaki kwa njia ya mbwa anayekonda hivi."

Nilimwambia kwamba yeye ndiye asiyeona, kwamba mji umemfanya moyo mgumu, na mengine ambayo mama huyasema akiwa ameshikwa pabaya. Aliondoka bila kula. Wali wa nazi ulikaa kwenye sufuria mpaka ukachacha. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia.

Aliyenitoa katika hali ile ni jirani yangu, Bi Rukia. Tumetenganishwa na ua wa mabati, na kwa miaka yote hakuwahi kuukanyaga uwanja wangu kwa sababu ya mbwa, maana mate ya mbwa yakimgusa yanamharibia twahara yake ya kusali. Sikuwahi kuliona ni baya. Kila Idi alipitisha sahani ya pilau juu ya ua kwa ajili yetu, na kifurushi cha mifupa katika gazeti kwa ajili ya Waache, akikishika kwa ncha za vidole. Mchana mmoja narudi kutoka kununua vifungo, namsikia ananiita kabla sijafika langoni.

"Mama Sidi! Mbwa wako yuwalia tangu nimalize kusali adhuhuri. Kuna nini humo ndani?"

Nilikimbia. Waache alikuwa amekwama baina ya pipa la maji na ukuta. Mahali pale angeweza kutoka kwa kurudi nyuma tu, kitu ambacho hata kuku anakijua, lakini yeye alikuwa anasukuma mbele, anasukuma ukuta, mpaka ngozi ya paji la uso ilikuwa imechubuka. Nilipomvuta, mwili ukakakamaa. Akaanguka, miguu ikawa inapiga hewa kama anayekimbia, povu mdomoni. Nilidhani anakufa mikononi mwangu. Nikapiga kelele.

Nilipoinua macho, Bi Rukia alikuwa amesimama ndani ya uwanja wangu, amekunja buibui mpaka magotini, uso umemsawijika kwa hofu, lakini amesimama.

"Mpeleke kwa daktari, dada'ngu," akasema. "Wallahi, kiumbe huyu ana haki yake juu yako."

Kumpeleka ni neno rahisi kulisema. Tuktuk nyingi za huku hazibebi mbwa, na siwalaumu wenyewe, ndimo wanamopakia watu wanaokwenda msikitini. Bi Rukia akampigia simu ndugu yake Mwinyi. Akaja na tuktuk yake ya buluu, ameshatandika turubai nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lakini huyu anatoa mate, ataichafua."

"Yatatoka," akasema. "Nitaosha mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofunzwa. Wewe ingia, mshike kichwa vizuri."

Njiani nilimpigia Sidi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia, lakini alipopokea niliweza kusema "njoo" peke yake. Hakuuliza chochote zaidi ya mahali.

Nikueleze kidogo kuhusu chumba cha kungojea, kwa sababu nawe utakaa humo. Kilikuwa chumba chembamba chenye benchi moja refu, feni inayolialia, na harufu ya dawa ya kupigia deki sakafu. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye paka ndani ya kikapu cha sokoni, na askari wa kampuni ya ulinzi na mbwa wake wawili wakubwa. Nilijua watanicheka, mama mzima na leso zake, amekumbatia mbwa koko aliyejikojolea. Hawakucheka. Yule askari aliwasogeza mbwa wake, akanipa nafasi karibu na feni, akauliza, "Mzee huyu ana miaka mingapi?" Nilifurahi sana kwamba alimwita mzee.

Sidi alifika bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Akaketi. Waache alikuwa amepata nguvu kidogo, akataka kushuka, nikamwacha. Akaenda akiuegemea ukuta, bega likikwaruza rangi, akapita chini ya miguu ya yule bibi, akafika mwisho wa chumba penye mzani wa kupimia wanyama. Pale kwenye kona akasimama, paji la uso ukutani.

"Mwanangu," nikamwambia Sidi, maana ndilo neno lililopatikana, "umekula leo?"

Na mkia ukatikisika. Taratibu, kwa upole, vile vile.

Niliitazama ile kona. Kulikuwa na ndoo na fagio. Charo hakuwahi kutia mguu katika chumba kile maisha yake yote, wala hakukijua. Niliitazama ile ndoo mpaka macho yakaingia giza. Sidi aliona nilichokiona. Hakuniambia "si nilikwambia." Alinishika mkono, tukakaa hivyo, na pale kwenye benchi, paka wa watu ananitolea macho, nikafiwa na mume wangu mara ya pili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Alimmulika macho kwa tochi, akapiga makofi nyuma ya masikio yake, akamgonga magoti, akamtembeza, akamtoa damu ili ajue figo na mengine yakoje. Kisha akaanza kuniuliza. Je, husimama upande usio wa mlango? Hulala mchana na kuzunguka usiku? Husahau watu? Husahau kwamba amekula? Hukwama nyuma ya vitu? Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka nikamuuliza kama aliwahi kuishi kwetu. Akatabasamu. Alisema ubongo wa Waache umechakaa kwa uzee, kama unavyowapata baadhi ya wazee wetu, na kile kifafa kimeongezea. Hautarudi kuwa mpya. Kinachowezekana ni kumpunguzia taabu.

Sidi akanigusa goti. Nikamuuliza daktari lile lililokuwa kooni.

"Akisimama konani, anaona nini?"

"Haoni kitu, mama. Amesahau namna ya kurudi nyuma. Akifika mahali ambapo hapana mbele, hubaki hapo hapo."

"Na mkia? Mbona anatikisa mkia?"

Alimchukua Waache, akamsimamisha katika kona ya chumba chake, akatuambia tunyamaze. Tukanyamaza. Mkia ukaning'inia. Akasema neno yeye mwenyewe, "Hujambo, mzee," mkia haukusogea. Akamwashiria Sidi, Sidi akamwita jina lake, mkia ukacheza mara moja ukaacha. Kisha akanigeukia mimi.

"Sema naye, mama. Sema lolote."

Nikasema, "Waache, uji umepoa."

Mkia ukatikisika, ukatikisika, nyuma yote ikawa inayumba mpaka miguu ikakaribia kumshinda.

"Anakusikia uko nyuma yake," daktari akasema. "Anataka kuja kwako, hajui kugeuka."

Siwezi kukueleza vizuri nilivyojisikia. Nilikuwa nimeketi nyuma yake jioni zote zile, nikimsalimu Charo, na mbwa akinipokea mimi. Nilitamani kumlilia Charo na nilitamani kumwomba mbwa radhi, yote kwa pamoja, na kilichotoka ni kwikwi tu.

Tuliporudi, Mwinyi hakungoja hata kushukuriwa. Alikaa pale nje kwa Bi Rukia na ndoo, akaosha tuktuk, akachota mchanga wa uani akausugua kwenye turubai na kiti, akamimina maji tena na tena mpaka akatosheka. Sijawahi kuona mtu akisafisha kitu kwa usafi wa moyo namna ile.

Daktari alinipa masharti, na haya nakuachia uyatumie, ukishamwona daktari wako. Sikuhamisha chombo hata kimoja nyumbani, ili ramani iliyobaki kichwani mwake isivurugike. Nyuma ya pipa tuliziba kwa matofali. Nilitandika magunia na mabaki ya vitambaa vya sare sakafuni ili miguu isiteleze kwenye saruji. Sahani na maji vilikaa mahali pale pale, saa zile zile. Sidi alileta taa ndogo ya kuwaka mpaka asubuhi, maana giza lilimchanganya zaidi. Vidonge nilivificha ndani ya tonge la sima na dagaa, na siku nyingine alikula dagaa akanitemea kidonge kwa ustadi wa ajabu kwa mtu asiyejua mlango uko wapi.

Na jambo moja halikuwa la daktari, lilikuwa langu. Nilichukua kigoda nikakiweka konani, mahali pa kiti cha Charo. Jioni zilipofika niliketi pale. Waache alizunguka, akafuata ukuta, akaja mpaka mwisho, na badala ya ukuta akakuta magoti yangu. Siku ya kwanza alininusa kwa muda mrefu. Kisha akalaza kichwa juu ya mguu wangu, akapumua pumzi ndefu.

Vuli nzima ilikuwa hivyo. Chupa ya kwanza ya vidonge ilituletea usingizi, chupa ya pili ikatuletea siku chache ambazo alitoka mpaka langoni na kusimama upande ulio sawa, tukamshangilia kama amefunga bao. Kulikuwa na siku mbaya pia, siku alizonibwekea mimi, na nilijifunza kutoka nje, kuingia upya taratibu na kuanza kuongea kabla sijamkaribia. Sidi alirudi kuja kila Jumapili. Alishona vifungo, nikampikia wali, na hakuna aliyetaja ule uliochacha.

Kaskazi ilipoanza Karisa akaja tena, na mahindi yake. Alipoingia alinikuta nimeketi konani.

"Shemeji, umekalia mahali pake."

Nikamweleza yote, chumba cha kungojea, ndoo na fagio, mkia. Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua kofia.

"Kwa hivyo ndugu yangu hakuja?"

"Sijui, shemeji," nikasema, na hapo machozi yakanishinda. "Sijui aliko. Namtaka kila siku na sijui aliko."

Hakunipinga wala hakunihubiria. Aliitazama sufuria jikoni. "Basi ule uji wake nipe mimi," akasema. "Nimetoka mbali." Nikampakulia uji, akaunywa wote kwenye kifuu kile kile, na Waache akalamba kilichomwagika.

Daktari alikuwa ameniambia, "Siku mkia utakapoacha kuijibu sauti yako, nipigie." Siku hiyo ilikuja katikati ya joto la kaskazi. Nilimwita asubuhi, nikamwita mchana, nikamwimbia wimbo wa kanisa, nikamtukana kidogo pia. Alilala ubavu, macho wazi, na mkia ulikuwa kama si wake. Niliinua simu nikaiweka chini. Niliinua tena. Sidi akaomba ruhusa kazini akaja, akapiga yeye.

Daktari alikuja nyumbani jioni. Niliketi konani, kichwa cha Waache mapajani mwangu, na niliongea naye bila kukoma, habari za sare, habari za bomba, habari za Charo na baiskeli yake, mpaka daktari aliponiwekea mkono begani. Tulimzika karibu na ua wa mabati, chini ya mti wa mkilifi. Bi Rukia alisimama upande wake wa ua tangu jembe la kwanza mpaka la mwisho. "Pole, dada'ngu," akasema. "Alikuwa jirani mwema." Idi iliyofuata alipitisha sahani ya pilau, na mikono yake ikabaki imeinuliwa juu ya ua kidogo, kana kwamba kuna kingine alichokuwa amezoea kupitisha.

Basi mbwa wako akianza kupotea ndani ya nyumba anayoijua, usingoje kama nilivyongoja mimi. Mpeleke mapema, maana huenda ikawa ni macho, au masikio, au figo, na kuna yanayotibika. Na akisimama konani, usimwite kutoka nyuma. Mzungukie, ukae mbele yake.

Kigoda sikukiondoa. Siku chache baada ya mazishi niliketi pale kwa mazoea, mikono haina wa kumshika, na kwa mara ya kwanza nikainua macho. Jioni zote zile nilikuwa nikimtazama mbwa tu. Kutoka pale huoni lango, huoni dirisha, wala upepo haufiki. Unaona mlango wa jikoni wote, na jiko, na mbuzi ninayokunia nazi, na mahali ninaposimama nikipika. Miaka yote ile, Charo na joto lake, na mimi nimempa mgongo nikigeuza chapati, nikimwambia asogee dirishani.

Sidi alikuja Jumapili akanikuta hapo natokwa na jasho. "Mama, mbona unajichoma? Sogea huku kwenye upepo."

Nikamwambia hapa panatosha.